Mume katanguliza iPad, binti anasema Samsung, na mimi pesa nimeificha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nina miaka 44, mume na watoto watatu. Fremu yangu iko Majengo. Kazi ninayo, namshukuru Mungu. Januari ni sare za shule, zikiisha naingia kwenye send-off na kicheni pati, na huko ndiko shida yangu ilikoanzia.

Zamani mteja alikuja na kitenge chake akasema "nishonee sketi na blauzi", nikampima, tukamalizana. Siku hizi ni picha. Asipokuja nayo, anataka mimi ndiye nimwonyeshe. Simu yangu ni ya kupangusa ila ndogo, na kioo kina ufa. Mteja anaishika, anavuta picha kwa vidole aone mkono umekaaje, anapangusa mara mbili tatu, mara katoka kwenye mishono kaingia kwenye mambo yangu. Mwezi uliopita mama mmoja alipangusa akakutana na picha ya ukurasa wa daftari la kikoba chetu. Mimi ndiye mweka hazina. Jina la wifi yake lilikuwa pale na deni lake lote. Hakusema neno, alinirudishia simu tu, lakini jioni ile wifi mtu alinipigia. Shangazi, sikulala.

Nikaamua ninunue kishikwambi. Mishono ikae humo, na vipimo vya wateja viingie humo badala ya daftari linalomwagikiwa chai kila siku, pamoja na hesabu za kikoba. Kijana wangu yuko kidato cha pili, mwalimu wao anacho kile cha serikali, basi nyumbani wimbo ni huo huo. Wa mwisho ana miaka sita, yeye katuni tu.

Mgao wa kikoba mwezi jana nilipata 720,000. Baba watoto nilimwambia 500,000. Usinicheke. Kila mgao ukitoka lazima kitokee kitu cha ukoo, mara bati za bibi, mara mchango wa harusi ya mtoto wa binamu. Hiyo 220,000 nimeiweka pembeni kwa ajili ya mashine ya ovaloki, maana hadi leo napeleka nguo kwa jirani kufungwa kingo na namlipa kila nguo.

Sasa sikia. Mume wangu ni dereva wa gari la abiria, Moshi na Arusha. Ana rafiki yake Arusha anauza vitu vilivyotumika kutoka nje. Juzi amerudi ananiambia ameshatanguliza 150,000, pesa yake mwenyewe, kwa ajili ya iPad ya mwaka 2018, GB 32, bei 450,000. Mimi nimalizie 300,000. Nikamuuliza mbona hukuniuliza kwanza? Akasema, "Mke wangu hatashika vitu vya wanafunzi. Mteja akiona lile tunda nyuma atajua huyu ni fundi wa kweli." Amefurahi kama mtoto.

Binti yangu wa kwanza anasoma chuo Arusha. Nilimtuma azungukie maduka, akaniletea bei ya Samsung Galaxy Tab A9+ mpya ndani ya boksi, 620,000 na risiti. Nilipomweleza ya baba yake akasema, "Mama, hiyo ni bibi kizee, utajuta." Na kuna kijana anapita hapa fremuni na vishikwambi vya 180,000, vimeandikwa GB 512, na kava na kibodi juu yake!

Nikinunua Samsung, mume ataniuliza 620,000 imetoka wapi, na 150,000 yake inapotea. Nikichukua iPad namfurahisha, na pesa ya ovaloki inabaki, lakini nisije nikawa nimenunua jiwe. Binti naye atasema sikumsikiliza. Nishauri, Shangazi, maana hata kazi naifanya kwa mawazo. Jana nimepinda pindo upande wa nje, na siku hizi kijana wangu ndiye ananitungia uzi kwenye sindano kama mimi ni bibi.

Fundi Niliye Njia Panda, Moshi

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa ile simu ya jioni. Mweka hazina akishaonekana ameacha daftari wazi, hata iwe bahati mbaya, wanakikundi huanza kuhesabu upya kimoyomoyo. Nadhani hilo lilikunyima usingizi kuliko udogo wa kioo.

Ngoja nikusomee barua yako nilivyoielewa, unisahihishe nikikosea. Una vishikwambi vitatu. iPad inaye baba watoto nyuma yake na 150,000 zake. Samsung inaye binti yako. Hicho cha tatu kinaye muuzaji tu. Chini ya vyote kuna 220,000 zimelala mahali. Mahali gani, usiniambie.

Cha tatu nikimalize haraka. Samsung ya 620,000, ile ya kuanzia ina GB 64. Kitu cha 180,000 kinapataje GB 512, na kava na kibodi juu? Vipo vifaa ambavyo programu yake imechezewa ili ionyeshe namba kubwa. Unajaza picha, ukivuka uwezo wake halisi zinaanza kuharibika moja moja, na kwako zitakuwa vipimo vya watu. Sisemi kila kinachopita mtaani ni hivyo. Kama kina sehemu ya laini, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, ile ya kukitambulisha kifaa, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uone jina linalorudi kama ni la kifaa ulichoshika. Unakumbuka Juni 2016 walivyozima simu bandia, watu wakaamka na vioo visivyo na mtandao? Muuzaji akikuzuia kufanya hivyo, umeshapata jibu lako bila mimi.

Sasa iPad. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu binti yako ameihukumu kwa umri peke yake, na baba yake ameipenda kwa lile tunda.

Ukweli ni kwamba ya 2018 bado ina kioo kizuri. Ni inchi 9.7, na vinukta vya picha vimebanana kuliko vya hiyo Samsung ya inchi 11. Mteja akivuta picha aone nakshi ya kifuani, huenda iPad hiyo kongwe ikamwonyesha vizuri zaidi. Hilo mumeo hakulisema, lakini kwa kazi yako ni jambo kubwa, hasa kwenye vitenge ambavyo rangi ndiyo kila kitu.

Upande wa pili ni huu. iPad haina mahali pa kuchomeka memori kadi. Ukinunua ya GB 32 ndiyo hizo hizo, na sehemu yake tayari imeliwa na mfumo wenyewe. Weka mishono, weka katuni za mdogo, na video moja ya kukata kola ambayo kijana amesahau kuifuta, utaanza kufuta picha za wateja kabla ya Pasaka. Mfumo wake nao umesimama kwenye toleo la 17, la mwaka 2023. Hauzimiki kwa hilo. Utaendelea kufanya kazi, WhatsApp utaiweka, ila mwaka hadi mwaka programu zinaongezewa masharti, na siku moja mojawapo itakataa kuingia. Itakuwa lini, hakuna wa kukutajia tarehe.

Na kuna hatari moja ambayo ingeniondolea raha kuliko umri. iPad iliyotumika inaweza kuwa imefungwa na akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Inawaka vizuri dukani. Siku ukiifuta ianze upya, inakudai barua pepe na nenosiri la mtu aliyeko Ulaya usiyemjua, na hapo ndipo inakuwa lile jiwe unaloliogopa. Nyingine zilikuwa za shule au kampuni huko nje, ukiunganisha tu na intaneti zinajitambulisha kwamba zina mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya hiyo 300,000, iPad ifutwe mbele yenu, iunganishwe na simu ya mumeo, iwashwe mpaka mwisho kwa akaunti yako mpya, bila kudai jina la mtu. Kisha ichezeshwe video nusu saa bila chaja muone betri inashukaje, maana kwa iPad za umri huo mipangilio haikuonyeshi afya ya betri. Rafiki wa kweli hawezi kukasirika kwa hilo. Samsung zilizotumika nazo hufungwa na akaunti ya Google, msidhani ni tabia ya tunda peke yake.

Samsung ya binti ilitoka 2023. Ina tundu la memori kadi, kwa hiyo picha haziwezi kukubana. Kitu ambacho ningekiangalia zaidi ni hiki: inakubali watumiaji zaidi ya mmoja, kila mtu na sehemu yake na neno lake la siri. Wewe na kikoba chako upande mmoja, kijana na masomo yake upande wa pili. iPad ya nyumbani haina mpango huo, wote mnaingia mlango mmoja. Ukikumbuka shida yako ilianza na mtu kuingia asipotakiwa, pima hapo.

Lakini usiniambie Samsung ni mpya basi imekwisha. Muulize binti kama ni ya laini au ya Wi-Fi tu, maana zipo za aina zote mbili na boksi zinafanana. Ikiwa ya Wi-Fi, utakuwa unawasha hotspoti kwenye simu, na bando litakuwa la kwako. Michango ya kikoba itaendelea kuingia kwenye simu ile ile yenye ufa, kwa sababu menyu ya M-Pesa, *150*00#, hutaipata kwenye kifaa kisicho na laini. Nayo 620,000 ikitoka, kwako inabaki 100,000, na nguo zinaendelea kwenda kwa jirani kufungwa kingo. Umehesabu kwa mwezi unamlipa kiasi gani? Hukuniandikia. Ningeanza na hesabu hiyo kabla ya inchi.

Hapo nikaribie jambo ambalo huenda hukulitarajia. Je, una hakika unahitaji kishikwambi sasa hivi? Kile kilichokuumiza, mteja kupangusa mpaka kwenye deni la wifi yake, kinaweza kuzuiwa leo jioni kwenye simu uliyonayo. Simu nyingi za Android zina namna ya kubandika programu moja kwenye kioo, mtu apanguse mpaka achoke lakini asitoke. Iko kwenye mipangilio, upande wa usalama, na kijana wako ataipata kabla chai haijapoa. iPad nayo ina ya kwake, unabonyeza kitufe cha mbele mara tatu. Tena picha ya daftari la kikoba haina sababu ya kukaa jirani na picha za mishono. Kuna mafundi ambao bado wana albamu ya karatasi, na sijawahi kuona mteja akipangusa albamu akakuta deni la mtu.

Vitabu vya kijana pia, Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba mtandao yake, na vinafunguka kwenye chochote chenye intaneti. Kwa hiyo asikubabaishe na cha mwalimu wake. Vile ni vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, wakagawiwa walimu, wala hakuna uchawi ndani yake. Kioo kikubwa kitamsaidia kusoma, hilo nakubali. Lakini kioo hicho hicho kitakuwa fremuni mchana na wewe, na jioni wa mwisho atakidai katuni. Kijana atakishika saa ngapi? Mmeongea hilo nyumbani?

Naona nikirudi kwa baba watoto nitaandika mengi kuliko kwenye betri, lakini ndiko penyewe.

Umeandika kwamba hakukuuliza. Ni kweli, na kilichokuuma nakielewa: kazi ni yako, mgao ni wako, na amechagua mwenzio. Ila nisome tena maneno yake. Mtu anayeamka alfajiri kwenda stendi, akatoa 150,000 za mfukoni mwake bila kuombwa, akasema anataka mteja ajue huyu ni fundi wa kweli. Inawezekana ni majivuno mbele ya rafiki yake. Inawezekana pia kwamba kwa miaka yote hii amekuwa akikuangalia unapiga cherehani usiku, na hakuwa na namna nyingine ya kukuambia ameona. Mimi simjui, wewe ndiye unamjua. Nauliza tu kama umeshamjibu hilo la pili, au umejibu la bei peke yake.

Hiyo 150,000 nayo usiizike kabla haijafa. Rafiki akiwa na iPad nyingine ya karibuni zaidi, 2020 kuja mbele, yenye nafasi kubwa, huenda ikahamishiwa huko kwa kuongeza kidogo. Huenda akairudisha. Huenda pia akagoma, na hapo mumeo ataona aibu mbele yako na mbele ya rafiki, na aibu ya mwanaume wa namna hiyo hukaa ndani ya nyumba muda mrefu. Ndiyo maana nisingependa binti awe wa kwanza kumwambia kwamba iPad yake ni bibi kizee. Mtoto ana haki ya kujua vifaa kuliko sisi, ila maneno hayo yakitoka kwake, hata yakiwa ya kweli, baba atatetea iPad mpaka mwisho.

Na ile 220,000. Sitakucheka, mwanangu. Nimesoma barua za wanawake wengi wanaoficha pesa, na wachache sana wanaificha kwa ajili yao wenyewe. Wewe umeificha kwa ajili ya mashine itakayolisha nyumba hiyo hiyo. Lakini angalia inavyokufanya sasa: unapima vishikwambi kwa kigezo cha kipi hakitafichua. iPad inakuja mbele kidogo kwa sababu inatunza siri, na Samsung inarudi nyuma kwa sababu inaisema. Ukimwambia mumeo, unaweza kupoteza ile nafasi ndogo ya kupumua uliyojitengenezea, na bati za bibi zikarudi mlangoni. Usipomwambia, ovaloki itakapoingia fremuni siku moja utahitaji hadithi nyingine, na binti yako, ambaye nahisi anajua, atakuwa ameishika nusu ya hadithi hiyo. Kuna njia ya katikati, ya kumweleza kwanza habari ya ovaloki kama mpango wa kazi, unamlipa jirani kiasi gani, mashine ni bei gani, kabla ya kusema pesa iko wapi. Wengine wamepita hapo wakafika salama. Wengine waume zao walikuwa wameshajua siku nyingi, wakanyamaza tu.

Ukiamua mwende Arusha pamoja, siku gari likiwa limepumzika, beba kitenge kimoja chenye rangi nyingi. Kipigeni picha kwa iPad ya rafiki, halafu ingieni lile duka la binti mkipige kwa Samsung yao ya mfano. Weka kitenge chenyewe pembeni ya kioo, uone ni wapi rangi imesema ukweli. Hapo mumeo atakuwa anakagua na wewe, na hatakuwa amekaa upande wa rafiki yake. Na popote pesa itakapotoka, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hata kama muuzaji ni mtu wa karibu. Wa vitu vilivyotumika wengi hawana, basi mwandikishiane kwenye karatasi, namba ya kifaa na tarehe.

Kuna sentensi moja umeiweka mwisho kama utani, kwamba kijana ndiye anakutungia uzi. Una miaka 44. Huo ndio umri macho yanaanza kukataa vya karibu, karibu kwa kila mtu, na pindo lililopinduka jana sidhani lilikuwa mawazo tupu. Huenda simu yako si ndogo kama unavyoiona. Kabla hujapanda gari kwenda Arusha pita hospitali ya KCMC, wana idara ya macho, au popote wanapopima pale mjini, ukapimwe. Miwani ya kusomea ya kawaida ni pesa ndogo mbele ya alichotanguliza mumeo. Uivae wiki moja ukiwa kwenye cherehani, ndipo ukashike hiyo iPad na hiyo Samsung, uniandikie umeona nini.

Shangazi